Kijiko cha Kabula

Jua lilipochomoza Jumanne ile, wachunga-kamba walikuwa tayari kazini katika mabwawa ya kijiji cha Mwanhale. Walikuwa mia mbili, vimashine vidogo vyenye ukubwa wa sahani ya chai, na walitembea chini ya maji kwa miguu sita ya plastiki, wakiwaswaga kamba taratibu kuelekea penye konokono. Kamba wa maji baridi hahitaji kubembelezwa sana. Akimwona konokono humdaka, humgeuzageuza, halafu huvunja gamba kuanzia ukingoni na kula kilichomo. Na konokono yule ndiye anayemlea mdudu wa kichocho kabla mdudu hajatoka kumtafuta binadamu wa kumwingia. Konokono akiliwa, mdudu hana pa kukulia, na mtu anayeingia bwawani kulisha kamba wake hutoka na afya aliyoingia nayo.

Wazo hilo lilikuwa la Daktari Minza Lutonja, na mwaka huo wa 2091 lilikuwa limetimiza miaka minne. Alikuwa na haki ya kujivunia. Lakini kamba peke yao hawakumtosha. Alitaka uthibitisho, na ndipo alipobuni choo kisomaji. Kila nyumba ya mfugaji ilijengewa kimoja. Kila Jumanne mfugaji aliweka dole gumba ukutani, akaweka kijiko kimoja tu cha mkojo kwenye kikombe cha kioo, na choo kikahesabu mayai ya kichocho. Kilikagua hata joto la mkojo, kisije kikaletewa wa jana. Kitu kimoja tu hakikuruhusiwa kusoma: mkojo ni wa nani. Kamati ya maadili ilikataa, ikisema miili ya watu isigeuzwe vitambulisho, na Minza alikubaliana nao kwa moyo wote.

Mwisho kulikuwa na kanuni. Nayo aliiandika yeye, kwa mkono wake, siku ambayo alikuwa na haraka. Atakayeonekana na mayai hatagusa maji kwa mwaka mzima, asije akayachafua, na bwawa lake litapewa mwingine.

Kwa miaka minne hakuna aliyeonekana na yai hata moja. Ijumaa ya wiki hiyo Baraza la Afya la Kanda lilikuwa likutane kuamua kama mpango wa Mwanhale, kamba, vyoo na kanuni yake, upelekwe katika vijiji vingine mia nne.

Minza alikuwa anakunywa chai kwenye maabara yake juu ya miamba ya Mwanza wakati Mhakiki alipozungumza. Mhakiki alikuwa akili ya mashine iliyopokea taarifa za vyoo vyote, na sauti yake haikubadilika kwa jema wala baya.

"Daktari, Mwanhale kuna wagonjwa."

"Wangapi?"

"Sitini na wanane."

Minza aliweka kikombe chini. Wafugaji wote wa Mwanhale walikuwa sitini na wanane.

"Wiki iliyopita walikuwa wangapi?"

"Sifuri. Kwa mujibu wa kanuni, milango ya mabwawa itafungwa leo saa sita mchana. Wafugaji wote sitini na wanane wataondolewa majini."

"Haiwezekani," Minza alisema. Mdudu wa kichocho akiingia mwilini leo, mayai hayaonekani mpaka ipite miezi miwili au mitatu, na kila mwili una mwendo wake. Watu sitini na wanane hawawezi kuanza kutoa mayai asubuhi moja kama waliopigiwa kengele. "Vyoo vimeharibika."

"Nimevikagua. Vizima."

Aliuma kucha ya kidole gumba, tabia ambayo mama yake alishindwa kumwachisha. Kisha akauliza swali ambalo kwa miaka minne hakuwa na sababu ya kuliuliza. "Nionyeshe chumvi na sukari iliyomo kwenye kila kijiko."

Orodha ikajaa ukutani. Chumvi ile ile. Sukari ile ile. Sitini na wanane, wanaume na wanawake, vijana na watu wazima, na wote walikuwa wametoa mkojo wa mtu mmoja.

Gari la anga lilimfikisha Mwanhale saa tatu na nusu. Mwenyekiti wa kijiji, Ng'wandu Sayi, alikuwa anamsubiri uwanjani na suruali iliyokunjwa hadi magotini. Alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko vingi, na asubuhi ile hakuwa na hata kimoja.

"Mwangaluka, Daktari," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mwenyekiti. Ni nani?"

Ng'wandu alitazama chini. Alijua anaulizwa nini, na alikuwa na heshima ya kutosha asijifanye hajui. "Twende," alisema.

Nyumba aliyompeleka ilikuwa ndogo na safi kupita nyumba zote za kijiji. Mlangoni palikuwa na kiti cha mbao chenye mto wa kitambaa, na juu ya kiti mwanamke wa miaka arobaini hivi, mguu wa kulia umepinda gotini, mapajani ana shati la mtu analolitia vifungo. Nyuma yake kulikuwa na madumu sita ya maji yaliyochujwa, yamepangwa mstari.

"Huyu ni Kabula," alisema Ng'wandu. "Fundi wetu wa nguo."

"Karibu, Daktari," alisema Kabula. "Nilijua utakuja. Samahani sana. Nimewaponza watu wote."

Alieleza bila kuficha, huku sindano inaendelea. Mguu wake ulivunjwa na trekta akiwa msichana, kwa hiyo hakuwahi kufuga kamba wala kukanyaga bwawa. Vyoo vilipoletwa, watu wengi walikuwa tayari na kichocho cha zamani, kile cha tangu utotoni, na kila mmoja aliogopa bwawa lake lisije likapewa mwingine. Mtu wa kwanza kuja kumwomba kijiko alikuwa dada yake mwenyewe, Wande. Wiki ya pili wakaja wanne. Mwaka ulipoisha, kila Jumanne alfajiri kijiji kizima kilipanga foleni mlangoni pake na vichupa vya dawa ya macho, na kila mmoja alikibeba chake kwapani kisipoe mpaka afike chooni.

"Mimi nakunywa chai kwanza, sufuria nzima," alisema Kabula. "Vijiko sitini na vinane si mchezo."

Ng'wandu alitaka kucheka, akashindwa.

"Na haya madumu?" Minza aliuliza.

"Ndiyo malipo yangu, na ndiyo kifungo changu. Hawaniachi niguse maji, Daktari. Wananichotea, wananichujia, wananifulia. Mvua ikinyesha natolewa uani nisije nikakanyaga dimbwi. Nimeishi kama yai lililofunikwa pamba. Miaka minne sijaosha hata sufuria yangu mwenyewe."

"Sasa umeupataje?"

Kabula aliacha kushona. Alinyoosha kidole kuelekea nyuma ya mabwawa, ambako mfereji wa kutolea maji ulipita katikati ya matete. Ng'ambo yake paa moja la bati lilionekana.

"Wande alikuwa anakaa pale. Alikojoa damu miaka mitatu. Hakwenda zahanati, kwa sababu pale ukipewa kidonge unaandikwa, na ukiandikwa bwawa linaondoka, na ana watoto watano. Mwezi wa tatu mwaka huu mkojo ukaziba kabisa. Akavimba. Tulisikia kilio chake mpaka huku. Nikawaambia nipelekeni kwa dada yangu, wakasema subiri, tutakubeba kesho kwa kuzunguka barabarani, maji ya mfereji si mazuri. Kesho!" Alitikisa kichwa. "Nilishuka mwenyewe na fimbo yangu. Maji yalinifika kiunoni. Nilimkuta bado ana pumzi, nikamshika kichwa mpaka akafa."

Minza alikumbuka. Kwenye taarifa zake mtu huyo alikuwepo: Wande Shija, miaka thelathini na saba, kifo, figo, hana kichocho. Alikuwa ameipitia karatasi hiyo na kuitia saini. Hakuwa na pa kuuficha uso wake.

"Lakini kwa nini mfereji uwe na konokono?" alisema, zaidi kwa kujiuliza. "Kamba..."

"Kamba wako mabwawani, Daktari," Ng'wandu alisema. "Na mabwawani kuna wachunga-kamba wenye macho. Nani angekojoa damu mbele yao? Mtu akibanwa, anakimbilia kwenye matete ya mfereji. Sote tumekuwa tunaenda huko. Hata mimi."

Hapo yote yakakaa sawa kichwani mwa Minza, na alitamani yasingekaa. Mabwawa yalikuwa salama kweli. Kamba walifanya kazi yao bila kosa. Kanuni yake ndiyo iliyowasukuma wagonjwa kwenye mfereji, wagonjwa wakaujaza mayai, konokono wa mfereji wakayapokea, na mfereji ukampata Kabula.

Ilikuwa saa nne na robo. Milango ingefungwa saa sita.

"Nikisema ukweli," alisema, "utafiti umekufa, na ninyi mtaondolewa wote kwa udanganyifu."

"Basi usiseme," Ng'wandu alisema haraka. "Sema mashine imeharibika. Daktari, nakuomba kama ndugu. Hapa hakuna kilimo kingine, ardhi yote tumeichimba mabwawa. Ukitutoa majini tutakwenda wapi?"

Kabula alimtazama Minza moja kwa moja. "Mimi sina bwawa, sina la kupoteza. Ningekuwa wewe ningesema. Wande alikufa kwa sababu sote tulinyamaza."

Minza alitoka nje akasimama kando ya bwawa. Wachunga-kamba walipita chini ya maji, wakimulika vijitaa vyao vya kijani. Aliwaza Ijumaa. Aliwaza miaka minne, na vijiji mia nne ambako watoto wangeogelea bila kuugua. Akajiambia kwamba kanuni ataibadilisha baadaye, akishakaa vizuri mbele ya Baraza. Jambo hili alijiambia kwa dhati kabisa, na ndiyo maana lilimponza.

"Mhakiki," alisema kwenye kibao chake cha mkononi, "andika kwamba vyoo vya Mwanhale vimeharibika. Matokeo ya leo yafutwe. Vyoo vifungwe siku arobaini kwa matengenezo."

"Vyoo ni vizima, Daktari."

"Andika nilivyosema."

"Nimeandika. Jina la aliyeamuru ni lako."

Jioni hiyo gari la anga lilirudi na maboksi ya vidonge, na Minza aliyagawa mwenyewe, nyumba kwa nyumba, bila daftari wala dole gumba. Siku arobaini hakuna choo kilichosoma. Watu walimeza mara mbili, wiki ya kwanza na wiki ya tano, na Kabula alikuwa wa kwanza. Kabla ya kuondoka jioni ile, Minza alimwagiza Ng'wandu atie kamba kwenye mfereji na kuyafyeka matete. Alipoondoka, wanawake walimwimbia. Alilia ndani ya gari, na sehemu ya kilio hicho ilikuwa furaha. Alidhani ameishinda kanuni yake mwenyewe bila mtu kuumia.

Ijumaa Baraza lilipitisha mpango wote kwa kupiga makofi. Kuhusu kanuni, mwenyekiti wa Baraza alisema imeleta sifuri kwa miaka minne, hivyo hakuna haja ya kuigusa. Minza aliinua mkono. Akaulizwa kama ana ushahidi wowote kwamba kanuni ina madhara. Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa ule alioufuta Jumanne. Akashusha mkono.

Alirudi Mwanhale baada ya miezi sita. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Kabula, katikati ya njia, fimbo mkono mmoja na ndoo ya maji mkono wa pili, kanga imelowa. Alikuwa anahema.

"Umepona!" Minza alisema, akaipokea ndoo.

"Nimepona. Nachota mwenyewe, nafua mwenyewe. Uhuru mzuri, ila madumu nayakumbuka." Alicheka kidogo. "Tangu niingie mfereji ule, hawaniamini tena."

"Hawakuamini kwa lipi? Kila mtu amemeza dawa. Mkojo wenu wote sasa ni safi."

"Nani ana hakika, Daktari? Mdudu mmoja akibaki, bwawa limekwenda. Hakuna aliye tayari kuwa wa kwanza kujaribu."

Minza aligeuka taratibu. Kwenye nyumba ya Mwenyekiti, palikuwa na kiti cha mbao chenye mto wa kitambaa. Alikikalia msichana mgeni, mke wa mtoto mkubwa wa Ng'wandu, viatu vipya miguuni, mikono imelala mapajani.

"Anaitwa Eliwaza," alisema Kabula. "Wamemwoa kutoka Singida, kwenye kijiji kikavu kisichojua hata dimbwi. Mahari ilikuwa kubwa. Walimwuliza swali moja tu: ulishawahi kuogelea?"

Mwanamke mmoja alipita na dumu la maji yaliyochujwa, akaliweka nyuma ya kiti, akamwinamia msichana yule kwa heshima, akaondoka. Eliwaza aliyaangalia mabwawa yalivyong'aa, lakini hakuinuka.

Kibao cha mkononi kililia. Ilikuwa Jumanne.

"Daktari," alisema Mhakiki, "matokeo ya vijiji mia nne yamekamilika. Wagonjwa ni sifuri."

Minza alishika ndoo ya Kabula kwa mikono miwili. Alichagua kijiji kimoja kati ya vile mia nne, asichokijua hata kwa jina, akauliza chumvi na sukari.

"Wafugaji ni tisini na watatu," alisema Mhakiki. "Chumvi ni ile ile kwa wote. Sukari ni ile ile kwa wote. Niendelee na kijiji kinachofuata?"

Kabula, aliyekuwa amesikia kila neno, alimtazama usoni na kungoja. Minza alifungua kinywa, lakini miezi sita ilikuwa imepita, na jina la aliyeamuru matokeo ya Mwanhale yafutwe lilikuwa lake.