Nilimlazimisha Rafiki Yangu Kushika Ruta Niliyoifunga Mwenyewe

Nina umri wa miaka ishirini na tano, ni fundi seremala hapa Kibondo, na kazi hii sikufundishwa na mtu. Kosa langu la mwanzo nililifanya siku ile ile niliponunua ruta. Sikumwomba mtu yeyote anioneshe namna ya kuifunga. Niliona aibu... Nilidhani fundi anayeuliza watu watamdharau.

Kwa wasioijua, ruta ni mashine ya umeme inayoshikwa kwa mikono miwili. Chini yake kuna kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi ya ajabu. Ukiipitisha kwenye ubao inachonga ukingo wa mlango, mfereji wa kioo, urembo wa kitanda. Kazi ambayo kwa patasi ingekula kutwa nzima, yenyewe inaimaliza kabla chai yako haijapoa. Lakini kitu kinachokata mninga kama sabuni, kidole chako kitakifanya nini?

Nilijifunza kwa video za kwenye simu. Mafundi walikuwa wa nchi za mbali na lugha yao siielewi, kwa hiyo nilizima sauti nikaangalia mikono tu. Nilirudia video zile mpaka nikaamini nimeshika kila kitu. Mimi ndivyo nilivyo... ubao ukipinda hata kwa unene wa unywele, usingizi hauji.

Karakana ilikuwa yangu na Zabroni. Tulikua pamoja Murungu, tukilima maharage na mihogo ya wazazi wetu, na tulipokuja mjini tulikodi banda moja. Yeye alikuwa na mkono mzuri wa randa, mimi nikawa mtu wa mashine. Mchana, Mama Shukuru anayepika jirani na banda letu alituletea ugali wa muhogo na maharage kwenye sinia moja. Tulinawa, tukala. Kwetu watu wanaofanya kazi pamoja hula pamoja. Hakuna anayeagiza, ndivyo ilivyo.

Kisha ruta ikaanza vituko.

Nilikuwa nachonga mlango wa kabati. Mwanzo wa ubao mfereji ulikuwa sawa, lakini nilipofika mwisho ulikuwa umezama zaidi. Nikapima tena. Kweli, umezama! Nikachomoa waya ukutani, nikakagua, nikakuta kisu kimeshuka. Asubuhi nilikuwa nimekikaza kwa spana kwa nguvu zangu zote. Sasa nani alikilegeza?

Jambo hilo likajirudia. Nikaamua kutega. Nilichora alama ndogo ya penseli kwenye shina la kisu, pale linapoingia kwenye nati. Nilichonga asubuhi yote, tukaenda kula, na niliporudi nikaangalia. Alama ilikuwa imeshuka! Je, nilijiuliza kama ilishuka nilipokuwa nachonga mimi mwenyewe? Hata kidogo. Niliona kitu kimoja tu: Zabroni alimaliza kula kabla yangu, akatangulia kuingia bandani.

Kuanzia hapo kila alichofanya kikawa ushahidi. Kwa nini anacheka na vijana wa bodaboda, halafu nikitokea ananyamaza? Kwa nini kila Jumamosi anakwenda Kasulu, na nikimwuliza anasema ana shemeji yake mgonjwa Heru Juu? Shemeji gani huyo, hapati nafuu wala hazidiwi?

Nikaacha kula naye. Nilichota chakula changu kwenye bakuli nikakaa bandani, ubavuni mwa ruta, nikiilinda. Mama Shukuru aliniuliza mwenzangu amenikosea nini. Nikamwambia naumwa tumbo.

"Tumbo gani hilo, mwanangu," alisema, "linalouma ukikaa na Zabroni tu?"

Nikaingia bandani na bakuli langu. Baada ya muda akaacha kuleta sinia, akawa anapakua sahani mbili bila kuulizwa. Ndugu wasomaji, sahani zile mbili zilitangaza ugomvi wetu kuliko kama tungetukanana barabarani. Hata salamu ikafupika. Zabroni aliyezoea kunishika mkono asubuhi na kusema "mwakeye", neno letu la Kiha la salamu ya asubuhi, mpaka anieleze na ndoto zake, sasa alilisema huku anatafuta msumeno.

Lakini kisu bado kilishuka! Nikaanza kuibeba ruta kwenda nayo nyumbani. Vijana wa bodaboda wakaniita mume wa ruta, wakaniuliza wakwe wanaishi wapi. Kisu kikashuka tena. Mtu mwenye akili timamu angesema basi, Zabroni hahusiki. Mimi nilisema ana ujanja ambao sijaugundua. Mama yangu aliponiambia kwenye simu kwamba kuna mtu ananionea wivu, sikumwuliza amejuaje. Nilifurahi kupata wa kuniunga mkono.

Siku ya msiba wangu tulikuwa na kazi ya milango ya mninga ya nyumba ya nesi mmoja. Mlango wa mwisho, ukingo wa mwisho... kisu kikazama na kuung'oa ubao. Nilizima mashine. Mama Shukuru alikuwa mlangoni na vyombo vyake, na vijana wawili wa bodaboda walikuwa wamejikinga jua barazani.

"Zabroni," nilisema, "kisu hiki unakilegeza wewe."

Aliweka randa chini taratibu. Akasema hajawahi kuigusa ruta yangu, na hata nikimpa haitaki.

"Kasulu unafuata nini?"

Akageuza macho pembeni. Nikajua nimempata!

"Natafuta banda," alisema mwishowe. "Nataka kuhama. Mlango nikishaupiga randa, unasubiri nitoke halafu unaurudia. Unadhani sioni maranda mapya chini?"

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nilikuwa narudia kazi yake karibu kila jioni. Lakini badala ya kuona haya, nilishikilia upande mmoja tu: kumbe alikuwa ananificha jambo! Aliyedanganya juu ya shemeji, atashindwaje kudanganya juu ya kisu?

Nikachukua kisu kipya. Nikakifunga mbele yao wote, nikakikaza mpaka spana ikaniumiza kiganja. Nikawa kama mtu anayemwapisha mwenzake.

"Kama hujakigusa, huna cha kuogopa. Chonga wewe."

Mama Shukuru alisema tuache utoto. Zabroni aliwatazama wale vijana, akanitazama mimi, akaipokea ruta. Alikuwa hajawahi kuishika ikiwa inawaka. Miwani ya kukinga macho ilikuwa usoni kwangu, na sikuwa hata na wazo la kumpa. Ubao sikuubana vizuri kwenye benchi, kwa sababu ya hasira. Na sikumwambia kwamba mashine ile husukumwa kukabili mzunguko wa kisu, si kuufuata, la sivyo inakukimbia.

Ilinguruma. Ilikwenda vizuri kidogo... kisha sauti ikabadilika. Kisu kilikuwa kinashuka. Kikauma ubao, ubao ukaruka, mashine ikamtoka upande mmoja, na mkono wake wa kushoto ukaangukia chini yake.

Sitaeleza nilichokiona. Kijana mmoja wa bodaboda alimpakia, mimi nikakaa nyuma kumshika, na njia nzima Zabroni hakulia. Pale hospitali, walipokuwa wanamfunga, alisema maneno machache tu.

"Umeona sasa? Sikuogopa."

Kidole cha shahada walikiokoa, lakini hakikunjiki tena. Fundi wa randa bila kidole kinachokunjika! Mkono ule ndio aliotegemea kuongoza randa.

Sikutaka tena kuiona ile ruta. Niliibeba hadi Kasulu, kwa mzee mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa asili ya Tanga, nikamwomba ainunue. Akaniambia nifunge kisu aone kama inazunguka sawasawa. Nikakisukuma ndani kama nilivyozoea, mpaka kikagonga mwisho. Akanishika mkono.

"Bwana mdogo, mbona unakigongesha chini? Kikigonga chini hakishikwi sawasawa, hata ukikaza vipi. Kisukume, halafu kivute kidogo, unene wa njiti ya kiberiti, ndipo ukaze." Akachungulia ndani ya tundu, akapuliza. Likatoka vumbi la mbao. "Na humu umefuga vumbi."

Tulijaribu. Kisu hakikusogea.

Nilikaa kwenye kizingiti cha duka lake. Kumbe! Nilikuwa nakisukuma mpaka mwisho kwa sababu niliamini kadiri kinavyozama ndivyo kinavyokuwa salama. Ule mvuto mdogo wa vidole, fundi wa kwenye video aliufanya mbele ya macho yangu mara nyingi, nami sikuuona. Niliona kila kitu alichofanya Zabroni, mimi sikujiona.

Nilimfuata nyumbani kwao Murungu, nikamweleza yote mbele ya mama yake, sikuficha hata ile alama ya penseli. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa umefungwa, ameuweka kwenye goti.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Hata ya Kasulu ningekwambia."

Hakunifukuza. Hakunisamehe pia. Alihamia Kasulu kama alivyopanga, na sasa anauza mbao, kwa sababu randa imemshinda. Tukikutana ananisalimia kwa mdomo. Mkono hanipi, na mimi siombi.

Wasomaji wenzangu, hasa vijana mnaojifunza kazi peke yenu kama mimi, nawasihi. Ruta haina urafiki! Chomoa waya kabla hujagusa kisu. Safisha tundu lake. Usikigongeshe chini. Bana ubao, vaa miwani, chonga kidogo kidogo badala ya kuzamisha mara moja. Zaidi ya yote, muulizeni anayejua, hata kama mtachekwa. Kicheko kinapita. Na ukiona mwenzako amekuwa msiri, muulize ana nini kabla hujamtafutia kosa la kumbandika.

Mimi bado nina ruta ile ile. Yule mzee wa Kasulu alikataa kuinunua, akasema nirudi nayo nikajifunze. Siku hizi nafunga kisu mbele ya mtu mwingine, na akiniambia nimekosea nafungua naanza upya. Kazi ya mwenzangu ikishapita mkononi mwake, siirudii. Na kitu kikiharibika karakanani, mtu wa kwanza ninayemshuku ni mimi.