Joto la Ingleburn

"Vua saa."

Kawira akaivua.

Lazare aliigeuzageuza ile Casio ya bei ya chini, akaiweka sikioni, akamrudishia. Hakuona kitu. Ndani yake mlikuwa na kidude kidogo kama punje ya mtama, nacho kilikuwa kikipiga mayowe ya kimyakimya: niko hapa, niko hapa. Shida ni kwamba bohari lilikuwa la mabati kila upande, na mlango wa kukunja ulikuwa umeshushwa hadi sakafuni. Mayowe yaligonga bati yakarudi.

Nje, jua la Januari lilikuwa likiichoma Ingleburn. Ndani kulikuwa kubaya zaidi.

Walimleta kwenye gari lisilo na madirisha. Ephraim, mkuu wake, alikuwa akizunguka kusini-magharibi mwa Sydney na magari mawili ya polisi, hajui pa kwenda.

"Nikiisikia saa yako, tunaingia," alimwambia asubuhi kwa simu.

"Usipoisikia?"

"Basi hakikisha ile mashine haifiki mwisho."

Simu ikakatika.

Mashine yenyewe ilikuwa mezani, tumbo wazi. Kando yake kulikuwa na diski nyeusi iliyoibwa ofisini kwa wakili mmoja mjini. Ndani ya diski, nyuma ya nywila, kulikuwa na anwani ya Chibalonza. Mama huyo aliwaona vijana wa Gitonga, bosi wa Lazare, wakiwapiga risasi wachimba dhahabu kule Kivu, na Jumatatu alikuwa anapanda kizimbani kutoa ushahidi. Programu ya Lazare ilikuwa ikiibahatisha nywila, lakini kwa mwendo wake ingemaliza Jumanne. Gitonga aliitaka Jumapili. Ndiyo maana akatafuta fundi wa kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani, na Ephraim akahakikisha anampata Kawira.

Diski ikifunguka kabla ya Jumatatu, Chibalonza amekufa.

"Fundi, twende kazi," alisema Gitonga. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha ngozi kilichokuwa bado na nailoni ya dukani. Kila akijigeuza, kililia. Rimoti yake ilikuwa na nailoni. Kioo cha Samsung yake kilikuwa na nailoni, imejaa mapovu, na bado haijatolewa.

Kawira aliikagua mashine akiomba Mungu apate kitu kibovu. Pawa saplai, kile kisanduku cha umeme, ya bei rahisi, labda, ile inayoyumba mzigo ukizidi. Wapi! Ilikuwa Corsair, nzito, safi. Mazabodi, ubao unaobeba vyote? Ya kisawasawa, yenye vipoza vyake pale umeme unapoingilia. Prosesa ilikuwa Intel Core i7 ya kufunguliwa kasi. Prosesa nazo ni kama ndugu wa tumbo moja: huyu anavumilia, yule analia mapema. Hii aliijaribu kidogo, ikavumilia. Alitaka kuitukana.

"Nipandishe volti?" aliuliza, mkono ukikaribia kibodi.

"Doucement, polepole," Lazare akasema, akisimama nyuma yake. "Volti mie njo nitaangalia. Ukipita pale nilikuambia, nitajua."

Njia hiyo nayo ikafungwa. Lazare mwenyewe hakuwa mtu wa bisibisi, alikuwa mtu wa hesabu, lakini namba alizijua. Kawira aliogopa, na hakuna haja ya kuficha.

"Na hewa?" alisema. "Hili joto la humu ndani ni adui. Fungueni mlango."

"Mlango haifunguke."

"Fan si iko?" Gitonga akadakia. "Tena mpya. Nimenunua ile kubwa kabisa. She'll be right, mate, itakuwa sawa tu."

Akausukuma mezani mnara wa mabati membamba wenye feni mbili, kipoza cha kukaa juu ya prosesa. Chini yake palikuwa na bamba la shaba linalong'aa kama kioo. Juu ya shaba ilibandikwa nailoni nyembamba, ya kubanduliwa kabla ya kufunga. Ikibaki, joto la prosesa halina pa kupitia.

Lazare alikuwa ameinama upande wa pili akichomeka diski. Kawira alishika ncha ya nailoni kwa ukucha, mbele ya macho ya Gitonga, akaanza kuibandua taratibu.

"We! We! Unafanya nini?"

"Natoa nailoni, boss."

"Wacha hivyo! Kitu ni mpya. Unataka ikwaruzwe?"

"Sawa, boss. Mali ni yako."

Ah, sisi na nailoni! Sofa ya harusi hurithiwa na mjukuu ikiwa bado imevaa nguo yake ya dukani. Kawira alilijua hilo kwa sababu kwao Meru aliketi kwenye sofa ya aina hiyo utoto wake wote, mapaja yakimnata. Akairudisha ncha mahali pake. Akapaka grisi ya kupitisha joto, ya gharama, akaipaka kwa ustadi mkubwa, akaukandamiza mnara juu yake na kukaza skrubu.

Akawasha. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na wahenga hawakuwa na prosesa.

Nyuzi sitini, kabla haijapewa kazi. Lazare akaachilia programu yake. Themanini. Tisini. Tisini na tisa. Prosesa, yenye akili kuliko mwenye mali, ikaanza kujipunguzia mwendo yenyewe ili isife.

"Juu ya nini iko inapanda vile?" Lazare akafoka. "Sasa inatembea polepole kupita asubuhi!"

"Nilisema. Feni inapuliza moto juu ya moto. Nipeni hewa."

"Non!"

Skrini ikawa nyeusi. Mashine ikazimika.

"Mashine yangu!" Gitonga akaruka, kiti kikalia. "Lazare, hiyo kitu imeungua? Imeungua?" Hakungoja jibu. Alikimbilia ukutani, akabonyeza kitufe, na mlango wa mabati ukaanza kupanda ukikwaruza.

Mwanga ukaingia. Upepo ukaingia.

Saa ikatetemeka mkononi mwa Kawira. Ephraim amesikia.

Sasa kilichobaki kilikuwa kuishi. Lazare alikuwa ameshika bisibisi, akifungua skrubu moja baada ya nyingine huku akitukana kwa Kifaransa. Akaung'oa mnara. Akaugeuza. Nailoni ilikuwa imejikunja na kuganda katikati ya grisi.

Akamwangalia Gitonga. Akamwangalia Kawira.

"Aliniambia niiache," Kawira akasema.

"Weye ulijua."

Beretta ya Lazare ilitoka kiunoni. Kawira alikuwa tayari ameshika kopo la hewa la kupulizia vumbi, na alikuwa amelishika kichwa chini. Kopo hilo likipinduliwa halitoi hewa, hutoa maji ya baridi kali. Alimpiga nayo kwenye kiganja, kisha usoni. Lazare akapiga yowe. Bastola ikaanguka sakafuni, Kawira akaitia teke chini ya meza, akachomoa diski na kuibana kwapani.

Gitonga alikimbilia mlangoni. Magari mawili yakamkuta hapohapo.

"Chini! Get down!"

Akalala kifudifudi kwenye lami iliyokuwa ikifuka, na safari hii hakuuliza kama atakwaruzika.

Kawira alimkabidhi Ephraim diski bila maneno. Akakataa maji. Akakataa lifti. Alitaka kutembea, maana miguu ilikuwa haitulii.

Simu ilimkuta karibu na stesheni. Ephraim.

"Chibalonza ameambiwa."

"Amesemaje?"

"Amelia. Jumatatu atakuja kusema. Anauliza jina lako. Anataka kukuombea Jumapili, kanisani kwao."

Kawira akasimama. Kusema kweli, lilimwingia. Siku nyingi hakuna mtu aliyemwombea kwa jina.

"Mwambie hapana," akasema. "Akinijua, watu wa Gitonga wakinitafuta watamfikia, na itabidi ahame tena."

Ephraim akasikika akiongea kwenye simu nyingine, kisha akarudi.

"Anasema ombi bila jina halifiki."

Treni ya mjini ilikuwa inaingia. Kawira alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akavaa miwani ya jua.

"Litafika," akasema, akazima simu na kupanda.