Jasho la Wasmi

Ijumaa ya kwanza Kioko alijiambia ni umande, ingawa ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa nane, na jua la Doha halimwonei mtu huruma. Jiwe jeupe kando ya barabara ya Al Thumama lilikuwa limelowa kutoka juu hadi chini. Alilifuta, likalowa tena. Alikinusa kitambaa. Lilikuwa jasho la farasi.

Chini ya jiwe hilo Kanali alikuwa amemzika Wasmi, farasi wake, mwaka huohuo wa 2016. Alimpenda kuliko baadhi ya ndugu zake, wala hakuficha. Kioko, mtunza farasi wake, alipewa kazi ya kulipangusa jiwe kila Ijumaa. Katika Doha nzima hakuna ambaye hakustahili kazi hiyo kama yeye.

Siku Wasmi alipokufa, Kanali alirudi naye kutoka mbioni, farasi akitweta. Kioko alipaswa kumtembeza polepole mpaka apoe, ndipo ampe chakula. Lakini Ijumaa ndiyo siku ya ibada huku hata kwa Wakristo, basi la kanisa lilikuwa linaondoka, na kwaya haianzi bila yeye. Akamfungia Wasmi bandani akiwa bado na joto la mbio, akammwagia shayiri tele, akakimbia. Aliporudi tumbo la farasi lilikuwa limevimba, na kabla ya magharibi akafa.

Kanali aliuliza ilikuwa zamu ya nani. Kioko akasema, "Joram."

Joram, rafiki yake na mtunza farasi mwenzake, alikuwa kitandani na homa. Hakubisha. Kwa ile homa alidhani labda zamu ilikuwa yake kweli. Siku ya tatu akarudishwa kwao Mwingi, na kwenye uwanja wa ndege akamkumbatia Kioko na kumshukuru kwa kumsindikiza.

Baada ya jasho zikaja kwato. Kioko alizisikia kanisani, mchana kweupe, kwaya ikiwa katikati ya wimbo, zikizunguka nyuma ya viti polepole kama mnyama anayetembezwa na mtu asiyekuwepo, na kila alipopandisha sauti azifunike nazo zilisogea, mpaka pumzi ya moto yenye harufu ya shayiri ikamgusa shingoni na wimbo ukamkatikia mdomoni.

Akaenda mtaa wa Najma kwa siri kumwona Mzee Shekuwe, dereva kutoka Lamu aliyejua mambo ya majini na mapepo. Mzee alimsikiliza, kisha akanong'ona, "Hili halitaki ubani, mwanangu. Mtembeze apoe, kisha kaseme ukweli mbele ya mwenye farasi. Usipojitaja wewe, litakwenda kwa yule uliyemtaja."

Kioko alitimiza nusu. Alishika kamba tupu akalizunguka jiwe juani mpaka likakauka. Kwa Kanali hakwenda. Aliogopa kurudishwa kwao kama Joram, na kwa kuwa kwato zilinyamaza wiki nzima, alijiona amepona.

Ijumaa iliyofuata akapata ujumbe wa sauti kutoka kwa Joram.

"Kioko ndugu yangu, kuna farasi amesimama hapa kwa boma tangu asubuhi. Analowa jasho, na huku hakuna mtu ana farasi. Bibi yangu hamwoni. Lakini usijali, sijampa chakula. Wacha nimtembeze kwanza apoe."

Kioko akapiga simu. Ilipokelewa, lakini hakuna aliyesema. Kwato zilikuwa zikizunguka, na kando yake mtu akitweta kwa shida, mtu ambaye hajapumzishwa tangu asubuhi. Akamwita Joram mara tatu. Akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Akavuka ua mbio bila viatu, simu mkononi, changarawe ikimuunguza nyayo, akaingia kwenye baraza la Kanali mbele ya wageni wake. Kanali aliweka kikombe chini.

"Haikuwa zamu ya Joram," Kioko akasema. "Ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemuua Wasmi."

Ndani ya simu kwato zilinyamaza, na sauti ya Joram, imechoka, ikauliza ni nani anayepiga. Kioko akashusha pumzi. Ndipo akazisikia kwato nje, kwenye changarawe, zikija mlangoni polepole, na Kanali naye akageuza kichwa.