Tanzia ya Mfalme Aliye Hai

Kabati lilikuwa wazi, kufuli halijavunjwa, na tanzia ya mfalme haimo.

"Na mfalme mwenyewe?" Inspekta aliuliza.

"Yu hai," Mkurugenzi wa redio alijibu huku akijifuta jasho. "Amelazwa, lakini yu hai. Ndiyo maana natetemeka."

Redio ya taifa ya kisiwa kile ilikuwa na desturi yake. Mfalme akitawazwa tu, tangazo la kifo chake hurekodiwa na kufungiwa kabatini, ili msiba usiwakute watu wanatafuta maneno. Sasa kanda hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu asiyejulikana. Ikirushwa na redio nyingine jioni hiyo, kisiwa kizima kingemlilia mtu anayekunywa supu yake hospitalini. Na binamu zake, waliokimezea mate kiti cha enzi tangu utotoni, wangeingia barabarani kabla machozi hayajakauka.

"Gazeti limeshapiga simu," Mkurugenzi alisema. "Wanauliza kuna nini. Wale watu wana pua."

Inspekta alinuna. Ndivyo alivyofikiri, na wasiomjua walidhani ana hasira. Alivaa glavu, akachukua boksi la kanda. Alitarajia boksi tupu, kumbe mlikuwa na kanda mpya, bado imo katika nailoni yake.

"Hii umeiweka wewe?"

"Kanda mpya, afande? Tungeitoa wapi? Sisi tunafuta za zamani na kurekodi juu yake. Vipindi vyote tumeshavifuta. Iliyosalia ni hiyo tanzia, nayo ilikuwa ifutwe leo."

"Kwa nini?"

"Aliyeisoma, Mzee Ngurumo, alifariki miaka minne iliyopita. Tulijisahau mpaka mfalme alipolazwa. Marehemu atatangazaje msiba? Watu watatucheka."

Inspekta aliitazama tena ile kanda mpya. Adui wa mfalme angeiba na kwenda zake. Huyu ameiba akalipa, na alijua redio ina dhiki ya kanda. Basi hakuyataka maneno. Aliitaka sauti.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na fundi mitambo. Ni binti yake Ngurumo. Lakini afande, yule amekulia humu humu."

"Mimi sijamtuhumu mtu."

Walimkuta studio, mbele ya mashine yake, mikono juu ya magoti.

"Una haki ya kukaa kimya," Inspekta alimwambia. "Kanda mpya umenunua wewe?"

"Ndiyo, afande. Sikutaka kuitia redio hasara."

"Ile ya zamani umempa nani?"

"Hajaigusa mtu." Aliitoa mkobani, imeviringishwa kwenye kanga ya kubebea mtoto.

"Unajua ungeweza kushtakiwa kwa uhaini?"

"Najua. Nilimwomba Mkurugenzi aniachie, akasema sheria ni msumeno. Baba alizungumza redioni maisha yake yote, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfuta, kanda baada ya kanda, kwa sababu ndiyo kazi. Mwanangu alizaliwa baada ya mazishi. Hii ikifutwa, hatamsikia babu yake kamwe."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa.

"Iweke tusikie," Inspekta alisema.

Kikohozi kilisikika, kiti kikalia, kisha ikaja sauti iliyokuwa ikikiamsha kisiwa kila asubuhi. "Uko tayari, mama? Haya. Ila nakwambia, huyu mfalme atanizika mimi." Akacheka. Halafu ndipo tanzia ikaanza.

Inspekta alikua akiisikia sauti ile. Alimgeukia Mkurugenzi.

"Mlalamikaji, ulichoibiwa ni kicheko au tanzia?"

"Tanzia, afande."

"Basi sheria ni msumeno, lakini hapa wembe unatosha. Kata."

Fundi alikata pale kicheko kilipoishia, akabaki na kipande hicho. Tanzia ilirudi kabatini ikangoje sauti mpya. Inspekta alimuuliza Mkurugenzi kama bado ana malalamiko. Hakuwa nayo; badala yake alimwazima fundi mashine kuukuu ya kuchezea kanda, akambebea mwenyewe hadi nyumbani.

Jioni taarifa ya habari ilisema mfalme ameruhusiwa kurudi nyumbani. Majirani walishangilia. Fundi alizima redio, akampakata binti yake, akabonyeza mashine.

"Msikilize babu," alisema.

"Uko tayari, mama?" Mzee Ngurumo aliuliza.

Mtoto, aliyezoea kuitwa hivyo, aliweka kijiko chini.

"Niko tayari, babu."