Ufunguo Ulikuwa Kwenye Kanga Yangu

Mimi ni bibi wa miaka sitini na mitano. Nilitoka Unguja na wazazi wangu baada ya Mapinduzi, nikiwa msichana, na sasa naishi huku kwa Waingereza, mtaa wa Thamesmead, ghorofa ya pili, na mwanangu Nassor na mkewe, Salma. Haya sijapata kuyasema nje ya nyumba yetu. Aibu ilinifunga mdomo...

Mjukuu wangu Mayasa alikuwa na miaka minne. Salma akienda kazini kutunza wazee, nilibaki naye mimi. Madirisha yetu yalikuwa na kufuli ndogo, yasifunguke kupita upana wa kiganja. Kila asubuhi Salma alinisihi nisizifungue, na kochi lisikae chini ya dirisha. Moyoni nikisema, mtoto wa juzi huyu anifundishe kulea? Mimi niliyezaa watano!

Shoga yangu Bi Zuwena alikuwa akiniletea mikate ya mofa kila Ijumaa, na magoti yake hayakuwa ya kupanda ngazi. Lifti ilikuwa mbovu siku zote. Nikakumbuka kwetu Mji Mkongwe, tulivyokuwa tukiteremsha kikapu kwa kamba dirishani, muuzaji akatia mkate, tukavuta. Basi nikafungua kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Mayasa nikamsimamisha juu ya kochi apate kuona. Alicheka, akataka kuvuta na yeye. Nikamwachia kamba!

Ijumaa moja nilisahau kulifunga dirisha. Niko jikoni nageuza samaki, sebuleni kimya... kisha nikasikia ukelele wa jirani kutoka chini.

Mayasa alianguka na kikapu, mikate ya Bi Zuwena ingali ndani. Kichaka cha maua ndicho kilichomwokoa roho, lakini nyonga ilivunjika.

Hospitali wakauliza nani alifungua dirisha. Nassor akanitazama. Nikasema ni Salma, alilifungua asubuhi kuingiza hewa. Kikapu, nikasema, mtoto alikuwa akichezea tu. Mama gani mimi?

Salma alikana, akalia, lakini ufunguo aliokuwa akiuweka juu ya kabati haukuonekana, na lawama zikamwangukia. Maafisa wa watoto wakaja kumhoji. Nassor alimwambia maneno mazito mpaka akahamia kwa mama yake, mtaa wa mbali wa Hayes. Na mimi nikatengenezewa chai na mwanangu, nikipewa pole, ufunguo ungali kwenye kanga...

Wiki ya tatu tulikuwa wote wodini. Mayasa akanishika mkono, akaniomba radhi kwa Kiingereza chake. Alidhani nimemkasirikia kwa kuangusha kikapu changu na mikate ya Bi Zuwena.

Hapo nilishindwa. Nililifungua fundo mbele yao, nikauweka ufunguo kitandani, nikasema yote.

Salma aliuokota ufunguo. "Mama," akasema, "ungenipiga kofi ingekuwa nafuu."

Amerudi nyumbani. Ananiamkia, ananipakulia chakula. Lakini akienda kazini humpeleka Mayasa kwa jirani, na mtoto anachechemea kupita mlango wangu.

Kina bibi wenzangu, nawaomba! Wakikwambieni fungeni dirisha, fungeni. Kochi liondoeni. Na mkikosea, semeni saa ile ile, kabla hamjamtwika mtoto wa mwenzenu kosa lenu.

Ijumaa Bi Zuwena akija, nateremka mimi kumpokea. Ngazi ni zile zile, na magoti yangu hayaumi. Ningeweza kuteremka tangu siku ya kwanza.