Picha ya Zita Iliyokataa Kukauka

Picha zote zilikauka isipokuwa ya Zita.

Kasian aliigusa tena pale kwenye kamba, ndani ya chumba cha giza nyuma ya studio yake mjini Katesh. Wazee wa Mogitu, aliowapiga picha kwa ajili ya kadi za chama, walikuwa wakavu kama mabua. Bibi na bwana harusi wa Nangwa vilevile. Lakini Zita, mkewe, aliyeshika mche wa sabuni na kutabasamu kama alivyoagizwa, alikuwa bado anachuruzika maji, na chumba kizima kilinuka tope la chemchemi.

"Dawa imeharibika," alijisemea. Mtu aliyechoka hupenda sababu iliyo karibu, na Kasian alikuwa hoi. Tangu watu wahamishiwe vijijini, kila ofisi ilitaka picha, na mpiga picha alikuwa yeye peke yake.

Picha ya sabuni ilikuwa ya kalenda. Shirika la sabuni lilitaka mama wa kijiji cha ujamaa, mwenye afya, akifua kwenye maji yanayotiririka. Mwalimu Fransiska, aliyekubali kupigwa picha, hakutokea, na Ndugu Isidori, afisa matangazo kutoka Dar es Salaam, alikuwa ameshawasha Landrova.

"Mwite mkeo basi, Ndugu Kasian. Ana sura nzuri."

Sasa Zita mimba ilikuwa imemtoka mwezi uleule. Kwa Wairaqw, mwanamke aliyefikwa na hilo hukaa ndani, hachangamani na watu wala hasogelei maji, mpaka atakaswe. Wenye chemchemi, wale majini wanaoishi chini ya maji, humtamani. Kasian alikuwa amebatizwa, ndiyo, lakini hilo alilijua tangu utotoni.

"Mimi bado niko ndani, Kasian," Zita alisema kwa sauti ndogo. "Unanipelekaje kwenye maji?"

"Ni kidogo tu, mama. Tupige, mgeni aondoke, tupumzike."

Akaenda. Akaingia kwenye maji ya chemchemi hadi magotini, akashika sabuni, akatabasamu. Kasian alipobonyeza kamera tu, Zita aliteleza akazama, kisha akaibuka anacheka. Isidori naye akacheka.

Tangu siku ile hakumlilia tena mtoto wake. Kasian alishukuru, maana kilio kile kilikuwa kimemmaliza. Ila kiu! Zita alikunywa maji ya mtungi, akanywa ya ndoo, akanywa hata ya kuoshea vyombo, na bado midomo ilipasuka na ngozi ikawa kama ardhi ya kiangazi. Hospitali walimpa vidonge. Akavimeza kwa debe zima la maji.

Kasian akamfuata Mzee Margwe, mganga, akamkuta kwenye foleni ya sukari katika duka la ushirika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyie watu wa kamera hamnikumbuki mpaka sindano zishindwe."

Lakini aliposikia habari ya picha, utani ulimwisha. Alimvuta Kasian pembeni, akanong'ona. "Usiichome. Usiitupe. Kesho nikitoka shamba la kijiji nakuja nimwone mkeo kwa macho yangu. Mpaka hapo usiguse kitu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

Nyumbani, Zita alikuwa ameinamia mtungi. Hakugeuka.

"Huyo mzee asije hapa," alisema taratibu. "Nimechoka kunywa, Kasian. Nawe umechoka. Irudishe picha kulekule chemchemini, pamoja na filamu yake. Nitapona leo hii."

Leo hii. Neno hilo lilimwingia Kasian kama kitanda kwa mtu aliyetoka safari. Kesho ilikuwa mbali mno. Akaichukua picha na filamu, wakatoka pamoja.

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Hanang, na kadiri walivyokaribia maji ndivyo ndege walivyonyamaza mmoja mmoja, na harufu ya tope ikazidi hata akaionja kwenye ulimi, na aliposimama ukingoni akaitazama ile picha kwa mara ya kwanza kwenye mwanga wa mchana, akaona kwamba maji hayakuwa yakitoka kwenye karatasi yote bali machoni mwa Zita tu, matone mawili mawili, akataka kurudisha mkono, lakini nyuma yake sauti ilisema, "Tupa," na mkono uliochoka ukatii.

Picha ikazama, na filamu ikaifuata.

"Kasian!" Sauti ilitoka chini ya maji, ya Zita, ikilia vilevile alivyomlilia mtoto. "Mbona umenirudisha? Nilikuwa nimeshafika nyumbani ndani ya picha ile!"

Alijirusha majini. Alipapasa mawe, alipapasa tope, akaita jina la mkewe mpaka sauti ikamkauka, na alichopata ni karatasi nyeupe isiyo na sura ya mtu.

Ukingoni mwanamke alikuwa akikamua upindo wa kanga. Midomo yake ilikuwa laini, ngozi imetakata.

"Kiu imekatika," alisema, akamnyooshea mkono. "Twende nyumbani, baba. Umechoka."

Ni kweli, alikuwa amechoka. Kasian aliushika ule mkono, wakapanda kilima.