Mikono ya Baibui

Haya hayakunifika mimi. Yalimfika Haji, kaka yake mama yangu, mvuvi wa Mlingotini, nami nimeyapokea kwa waliokuwa naye botini: mkewe Saida, na Herman, mwenzi wake wa kazi, mtu wa Fukayosi aliyejifunzia bahari ukubwani. Wawili hao wanakubaliana katika kila jambo isipokuwa moja, nalo nitalieleza likifika mahali pake.

Ilianza kwa furaha ya mashine mpya. Mjomba alikuwa ameuza mashine yake ndogo ya boti akanunua ya nguvu za farasi arobaini, na watu walishuka ufukweni kuitazama na kumpa hongera. Lakini alipokwenda kurambaza, yaani kukokota mishipi nyuma ya boti ili nguru wafukuzie chambo, alirudi mikono mitupu. Mashine ilikuwa na mbio. Hata akiipunguza moto mpaka ikakaribia kuzimika, chambo kilirukaruka juu ya maji kama kijiwe kilichorushwa na mtoto, na nguru si mjinga. Akitoa gia, boti iliyumba na mishipi ikasokotana.

Dawa ya mbio hizo wavuvi wanaijua. Kitu chenye mdomo mpana hufungwa kamba tezini, nyuma kabisa ya boti, kikaburutwa majini. Kitu hicho hujaa maji, kikaishika boti, nayo ikaenda kwa adabu. Wengi hutumia ndoo. Ndoo ya mjomba ilipasuka siku ya kwanza, ukarudi mpini peke yake. Herman akashauri mfuko wa kitambaa kizito, na mjomba akamwomba Saida amshonee.

Nyumbani mle kitambaa kizito kilikuwa kimoja tu. Kilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani, nacho kilikuwa baibui la Wahida.

Wahida alikuwa mke wa kwanza wa mjomba. Alikufa kwa maradhi, bila kuacha mtoto. Desturi yetu ni kwamba mwanamke akifa, nguo zake hugawiwa ndugu zake wa kike na maskini, zisibaki ndani zikimngoja mwenyewe. Mjomba aligawa zote. Baibui hilo alisema alilisahau, lakini mtu hasahau kitu anachokiona kila afungapo mlango. Saida aliolewa, akahamia, akashika mimba, na baibui likabaki msumarini, likinukia udi.

Ni lazima pia niseme kwamba marehemu alikuwa na wivu uliojulikana mtaa mzima. Kila mjomba alipotoka kwenda baharini, Wahida alimshika upindo wa shati kwa nyuma, akamwuliza kwa sauti ndogo, «Unakimbilia wapi?» Wanaume wenzake walimtania kwa swali hilo mpaka likawa kama jina lake. Yeye alicheka tu, na alikuwa akipunguza mwendo.

Saida alilitungua baibui, akalikata shingo na pindo, akakaza mdomo wa mfuko kwa uzi wa nailoni. Mikono hakuikata. Aliifunga fundo kila mmoja mwishoni ili maji yasipite, akaiacha ikining'inia ubavuni mwa mfuko. Mjomba alipoingia alimwambia kwa upole kwamba nguo ile ilikuwa ya marehemu.

Saida aliukata uzi kwa meno. «Si alikuwa akikushika usiende? Basi na akushike.»

Mjomba hakujibu. Laiti angejibu siku ile, huenda mimi nisingekuwa na la kuandika.

Kesho yake boti ilitulia kama iliyobembelezwa. Chambo kilizama kwa kina kinachotakiwa, mishipi ikanyooka, na nguru wakapanda mmoja baada ya mwingine. Ikawa hivyo siku baada ya siku, hata waliokuwa wakimcheka mjomba kwa ndoo yake wakaanza kumfuata kwa macho. Jambo moja tu lilimtatiza Herman. Kila jioni alipouvuta mfuko ndani, yale mafundo ya mikono yalikuwa yamefunguka. Aliyafunga upya, akayakaza kwa meno. Siku iliyofuata aliikuta mikono yote miwili imeizunguka kamba na kuikumbatia.

Ufukweni, Biubwa mkaanga samaki, mwanamke asiyenyamaza, aliyekwisha kusikia habari ya lile baibui, alimwona Saida akipokea kitoweo akamwambia mbele ya watu, «Mwanangu, mke mwenzio anajua kulisha. Wewe kazi yako kula.» Wanawake wakacheka. Saida alicheka nao, akaenda nyumbani akawatupia paka wale samaki.

Tangu hapo hakulala vizuri. Mjomba alichelewa kurudi hata siku ambazo boti ilikuwa imejaa mapema. Herman aliulizwa, akasema kwa kusitasita kwamba kaka Haji siku hizi haangalii mishipi. Hukaa tezini ameugeukia mfuko, akiutazama unavyokwenda chini ya maji, na mara nyingine hutabasamu. Na shati lake, alipolivua usiku, halikunuka petroli wala samaki. Lilinukia udi.

«Yuko wapi huyo mwanamke?» Saida alimnong'oneza.

Mjomba alimwambia hakuna mwanamke. Alikuwa akisema kweli, na Saida aliona kwamba anasema kweli, na hilo ndilo lililomtia baridi.

Uchungu ulimshika mapema, wakati wa mvua za masika, na barabara ya kutokea kijijini ilikuwa imekatika kwa maji. Mkunga alipoona damu aliagiza mgonjwa afikishwe hospitali ya Bagamoyo bila kukawia. Njia ilikuwa bahari. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile na maji yalikuwa shwari. Kwa mashine ile, wangefika kabla mkunga hajamaliza dua yake.

Saida alilazwa omoni, mbele ya boti, juu ya mkeka. Akauona mfuko mweusi chini ya ubao. «Huyo hasafiri nami,» akasema. Mjomba aliuchukua yeye mwenyewe, akautupa mchangani pamoja na kamba yake. Herman aliuona ukianguka. Mkunga, aliyebaki ufukweni, aliuona pia.

Waliondoka kwa kasi. Upepo ukawapiga usoni, mikoko ikarudi nyuma, na mjomba akamwambia Saida avumilie, wanafika.

Kisha boti ikapunguza mwendo.

Mjomba aliongeza moto. Mashine ikanguruma zaidi, boti ikazidi kwenda taratibu. Taratibu kama ya kurambaza. Herman alidhani mwani umenasa kwenye pangaboi, akainama nyuma atazame. Hakuona mwani.

Aliona kamba.

Ilikuwa imefungwa kwenye pete ya tezi. Imekazika, imenyooka, inaingia majini. Fundo lilikuwa fundo lake, lile analofunga yeye kila siku. Hakuwa amelifunga.

«Kaka,» alinong'ona. «Hii uliitupa mchangani.»

Mjomba alichukua kisu. Akakata. Kamba ikarukia majini, ikazama.

Boti haikusogea.

Mashine ilikuwa ikilia kwa nguvu zake zote. Maji yalichemka nyuma. Mkoko uliokuwa ubavuni mwao ulibaki ubavuni mwao. Na nyuma, mahali kamba ilipokuwa ikifika, kitu cheusi kikapanda karibu na uso wa maji. Mdomo wazi. Mikono ikafunguka, mmoja kulia, mmoja kushoto. Hapakuwa na kamba. Kilikuwa kinawafuata.

Mkeka ulikuwa umelowa damu. Saida alijiinua kwa kiwiko akakiona. Tangu aolewe hakuwahi kumtaja mwanamke yule kwa jina la heshima. Sasa alisema, kwa sauti ambayo Herman aliisikia kwa shida, «Dada. Baibui nililikata mimi. Nisamehe.»

Hakuna kilichobadilika. Hakuwa yeye aliyekuwa akiulizwa.

Hapo ndipo Herman alipoliona shati. Hapakuwa na upepo tena, lakini upindo wa shati la mjomba, kwa nyuma, ulikuwa umevutika kuelekea majini. Umenyooka. Kitambaa kilikuwa kimekunjamana mahali pamoja, kama kilichobanwa kati ya vidole.

Mjomba alisimama ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza. Alimtazama mkewe pale omoni. Aliitazama damu. Kisha akageukia nyuma, akasema kwa upole ambao Saida anaapa hakuwahi kuupata kwake hata siku moja:

«Sikimbilii popote, Wahida. Waachie hawa.»

Boti ikaruka mbele.

Hapa ndipo wasipokubaliana. Herman asema mjomba alirushwa. Kwamba boti ilichomoka ghafla, na aliyesimama tezini hana budi kuanguka. Herman mwenyewe aliishika mashine, akageuza, akazunguka mahali pale akiita. Maji yalikuwa matupu na safi hata mchanga wa chini ulionekana. Saida akapiga ukelele wa uchungu, naye akaelekeza boti Bagamoyo.

Saida asema hakuanguka. «Alishuka,» aliniambia. «Kama mtu anayeshuka kwake. Na hakugeuka kunitazama.»

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Bahari ilitafutwa mpaka wazamiaji wakachoka, na mchangani kule Mlingotini mfuko haukuonekana. Kwa kuwa hapana maiti, hapana kaburi, na watu hawajui wamwite Saida mjane au mke.

Nilikwenda kuwajulia hali. Boti imepandishwa juu ya magogo ndani ya banda, mashine imeng'olewa, na haijagusa maji tangu siku ile. Nilimkuta Saida amempakata mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anafuta ukingo wa tezi kwa upindo wa kanga yake, kwa hasira, kama mwanamke anayefuta nyayo za mwenzake sebuleni. Anaufuta kila asubuhi.

Nilisogea nikaona anachokifuta. Katika faiba, ule utando mgumu wa boti, palikuwa na mfuo, wa aina inayochimbwa na kamba iliyovuta mzigo kwa muda mrefu. Herman anaapa kwamba siku waliyoikata kamba mfuo huo haukuwapo. Nilitia kidole gumba, kikazama chote. Ndani mlikuwa na maji. Nilikipeleka kidole puani.

«Kinanuka nini?» Saida aliniuliza, bila kuinua macho.

Nikamwambia kinanuka bahari.

«Mwongo kama mjomba wako,» akasema, akaendelea kufuta.

Nilipoinama kuaga nilitazama chini ya tezi. Mchangani palikuwa na unga mweupe wa faiba, mkavu, uliosagika asubuhi ile ile, na ulikuwa bado ukidondoka, ingawa Saida alikuwa amekwisha kuondoa mkono.